Macho Hayana Pazia

Wazee wetu walisema macho hayana pazia. Walimaanisha kwamba apitaye mbele yetu tutamwona tu, tupende tusipende, na kwamba mtu halaumiwi kwa kuona. Nimeishi kwa kazi ya kupiga picha kwa zaidi ya miaka 40, na kwa muda mrefu nilijificha nyuma ya methali hiyo. Nikiulizwa kwa nini nilipiga picha hii au ile, jibu langu lilikuwa fupi: nilikuwepo, nikaona, nikapiga. Sasa nimezeeka, na methali hainifichi vizuri kama zamani. Aliyenitoa mafichoni ni mwanamke wa Kijerumani ambaye sikukutana naye hata siku moja, mwongozaji wa filamu aitwaye Leni Riefenstahl, aliyefariki dunia mwaka 2003 akiwa na umri wa miaka 101.

Nilizipenda kazi zake kabla ya kujua yeye ni nani, na hili naomba msomaji alikumbuke, kwa sababu ndilo lililonisumbua baadaye. Ilikuwa Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya sabini. Rafiki yangu mmoja, mhandisi aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Ujerumani, alikuja na kitabu kikubwa cha picha za Wanuba wa Kordofan, nchini Sudan. Tulinawa mikono kwanza, tukakaa mkekani, tukafungua kurasa moja moja. Vijana wa miereka waliojipaka majivu, mshindi aliyebebwa mabegani, ngozi nyeusi iliyopigwa na jua la jioni mpaka ikawa kama shaba. Nilishikwa na furaha ambayo siwezi kuieleza kikamilifu. Hadi siku ile, Mwafrika niliyemwona katika vitabu vya Wazungu alikuwa ama mtoto mwenye njaa na nzi usoni, ama mtu aliyesimamishwa ubavu na kupimwa kama ng'ombe wa mnadani. Hapa kulikuwa na mpiga picha aliyemtazama mtu mweusi na kuona utukufu.

Niliazima kitabu kile wiki mbili. Kijerumani sikukijua, kwa hiyo nilisoma picha zenyewe: alisimama wapi, jua lilikuwa upande gani, nini alikiacha nje. Nilipokirudisha, rafiki yangu aliniuliza, "Bwana, unajua huyu mama ndiye aliyempigia Hitler sinema?" Nikacheka, nikidhani ananitania.

Hakuwa anatania. Tangu hapo nimemfuatilia kwa miaka mingi, kwa vitabu vya kuazima, kwa kanda za video, na siku hizi kwa kompyuta ya mjukuu wangu. Swali ninalolitafutia jibu ni hili: mtu aliyefanya kitu kizuri kwa mikono yake ana dhamana gani kwa kazi ambayo uzuri huo ulitumwa kuifanya?

Alizaliwa Berlin mwaka 1902. Alianza kama mcheza dansi, akaumia goti, na katika kipindi hicho cha maumivu akaona filamu ya milimani ya mwongozaji Arnold Fanck. Alimtafuta Fanck mpaka akampata, akawa mwigizaji wake, akipanda miamba na kukanyaga theluji mbele ya kamera. Huko milimani ndiko alikojifunza kazi. Fanck alipenda mawingu, ukungu, kilele kinachochomoza na binadamu mdogo anayekikabili, na yote hayo Leni aliyabeba akaondoka nayo. Mwaka 1932 aliongoza filamu yake ya kwanza, Das blaue Licht, yaani Mwanga wa Buluu, akiigiza mwenyewe kama msichana wa mlimani. Aliyemsaidia kuandika hadithi ni Béla Balázs, mwandishi Myahudi kutoka Hungaria. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, Balázs alikuwa mbali na Ujerumani akidai haki yake ya malipo. Leni aliandika barua fupi, akamkabidhi Julius Streicher, mmoja wa wachochezi wakubwa wa chuki dhidi ya Wayahudi, mamlaka ya kulishughulikia dai la "Myahudi" Balázs. Ni karatasi moja tu, yenye sahihi yake. Wengi wakimjadili huanza na filamu za baadaye, lakini mimi huona aibu zaidi mbele ya karatasi ile, kwa kuwa haina sanaa ndani yake ya kuifunika.

Mwaka huohuo wa 1932 alimsikia Hitler akihutubia Berlin, akavutiwa, akamwandikia, wakakutana. Miaka miwili baadaye alipewa kazi ya kupiga filamu ya mkutano wa chama uliofanyika Nürnberg Septemba 1934. Filamu hiyo, Triumph des Willens, ilitoka mwaka 1935, na ndiyo inayomfanya asisahaulike.

Niruhusu nieleze jinsi ilivyotengenezwa, maana hapa ndipo fundi humtambua fundi. Alikuwa na kikosi cha watu wapatao 170, wakiwemo wapiga picha 16 na wasaidizi wao. Walilaza reli kuzunguka jukwaa ili kamera imzunguke msemaji, naye aonekane kama nguzo ambayo dunia inaizunguka. Kwenye mlingoti mrefu wa bendera walifunga lifti ndogo, mpiga picha akapanda nayo polepole, na umati ukafunguka chini yake mpaka watu wakawa kama shamba lililopandwa kwa kamba. Mikanda iliyopigwa ilikuwa ya saa zipatazo 60, naye akakaa mezani miezi mingi akiikata na kuiunga mpaka zikabaki karibu saa mbili. Mpangilio wake ni wa muziki kuliko wa hadithi. Uso mmoja, kisha maelfu. Mkono mmoja ulioinuliwa, kisha msitu wa mikono. Ukimya, kisha ngoma.

Filamu inaanza mawinguni, na huyo ndiye Fanck wa milimani amerudi. Ndege inapenya mawingu meupe, mapaa ya mji wa kale yanatokea chini, kivuli cha ndege kinateleza juu ya watu wanaoandamana barabarani. Kisha ndege inatua, anashuka mtu mmoja. Hakuna sauti ya mtangazaji inayokuambia umwone vipi. Haihitajiki, kwa kuwa umekwisha kuoneshwa kwamba ameletwa kutoka juu, kama mvua. Anayetazama hudhani ameyaona kwa macho yake, na ambacho mtu amekiona kwa macho yake hakibishii.

Nimeitazama mara tatu. Mara ya tatu nilimtafuta kwa makusudi mtu mmoja aliyechoka, au anayekohoa, au bibi asiyeona kitu kwa sababu amezibwa na warefu. Umati wowote nilioupiga mimi maishani mwangu ulikuwa nao wa namna hiyo, tena wengi. Katika ule wa Nürnberg sikumpata. Leni alidai hadi kufa kwake kwamba alipiga yaliyotokea tu, kwamba ile ni kumbukumbu ya tukio. Lakini Albert Speer, msanifu majengo aliyeupanga uwanja ule, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba sehemu za hotuba za baadhi ya viongozi ziliharibika, zikapigwa upya studio Berlin, na viongozi wale wakahutubia ukumbi mtupu kwa hamasa ileile. Leni alimpinga. Hata hivyo mimi nadhani habari ya studio ni jambo dogo. Uongo wa filamu ile haumo katika kilichopigwa. Umo katika mpaka wa picha, pale fremu inapoishia.

Kisha ikaja Olympia, filamu ya michezo ya Berlin ya mwaka 1936, iliyooneshwa mara ya kwanza Aprili 20, 1938, siku ya kuzaliwa kwa Hitler. Alichimba mashimo uwanjani ili kamera zikae chini na mruka juu aonekane mbinguni. Alipandisha kamera kwa puto. Akapata kamera ya kupigia ndani ya maji. Alikusanya mita 400,000 za mkanda na kuzihariri karibu miaka miwili. Mwishoni wapo wapiga mbizi wanaoruka mmoja baada ya mwingine hadi maji hayaonekani tena, na wanadamu wanabaki kuwa ndege weusi kwenye mawingu. Naapa sijaona kitu kizuri zaidi ya hicho katika sinema. Yeyote anayetazama matangazo ya michezo leo, kamera inayokimbia sambamba na mkimbiaji, mwendo unaopunguzwa kasi pale mwili unapoiacha ardhi, anatazama mambo ambayo mwanamke huyu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyafanya kwa kiwango kile. Na humo yumo Jesse Owens, Mmarekani mweusi aliyeshinda medali nne za dhahabu. Kamera haikumdharau. Kabla ya kukimbia imemsogelea usoni, na inampenda kama inavyowapenda wengine.

Watetezi wake humshika Owens kama shahidi. Angekuwa mbaguzi, wanasema, angemkata. Nilikubali hoja hiyo kwa miaka kadhaa, hasa kwa kuwa nilikuwa nakumbuka vijana wa Kinuba. Siku moja nikajiuliza: kamera ile inampenda nani? Inampenda mwenye nguvu. Mweusi au mweupe, mpanda mlima au askari, mradi awe kijana, awe mzima, awe mshindi. Mpenzi wa washindi anaweza kumpenda Owens kwa dhati kabisa na bado asiwe na hata punje ya nafasi kwa dhaifu. Mwandishi wa Marekani Susan Sontag alilisema jambo la jinsi hii mwaka 1975, alipokichambua kitabu kile cha Wanuba: jicho ni lilelile. Nilipousoma uchambuzi huo nilikasirika, nikaona anataka kuninyang'anya furaha yangu ya mkekani. Sasa simkasirikii, ingawa sikubali yote. Mtu mweusi aliyezoea kuoneshwa akiwa na nzi usoni ana haki ya kufurahia kuoneshwa akiwa shujaa, na Sontag hakuwahi kukaa mkekani petu. Lakini ni kweli kwamba kati ya shujaa na nzi wako watu wengi, na kamera ile haikuwa na haja nao.

Yaliyobaki nje ya fremu yake yanajulikana. Septemba 1939, wiki ya pili ya vita, alikuwa katika mji wa Końskie, Poland, na kikosi chake cha kupiga filamu. Huko askari wa Kijerumani waliwaua Wayahudi zaidi ya 20. Ipo picha yake ya siku hiyo, uso umekunjamana kwa hofu. Alisema baada ya vita kwamba hakuyaona mauaji. Filamu ya Andres Veiel ya mwaka 2024, iliyotengenezwa kutokana na masanduku 700 ya nyaraka zake, inataja barua ya baada ya vita isemayo kwamba Leni alitaka Wayahudi waondolewe mahali alipotaka kupiga picha, agizo likapita mdomo kwa mdomo, vurugu ikaanza, risasi zikafuata. Ni ushahidi wa kusimuliwa, na hakimu yeyote angeupima kwa tahadhari. Lakini neno lenyewe, waondoe hao kwenye picha, nililisikia kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Nitarudi hapo.

Mwaka 1940 alianza filamu ya Tiefland, hadithi ya nyanda za Hispania. Alihitaji watu wenye sura za kusini. Walichukuliwa zaidi ya 100, Waroma na Wasinti, jamii zilizodharauliwa kote Ulaya, kutoka kambi za Maxglan karibu na Salzburg na Marzahn ya Berlin, wakiwemo watoto. Baadaye wengi wao walipelekwa Auschwitz. Vita vilipokwisha alisema amewaona wote na kwamba hakuna aliyedhurika. Alilirudia hilo mwaka 2002, akiwa anatimiza miaka 100. Waroma wakalalamika kisheria, naye akalazimika kuyaondoa maneno yake. Miaka 60 alikuwa na nafasi ya kuuliza walikwenda wapi.

Baada ya vita alipitia mashauri manne, kati ya mwaka 1948 na 1952, na mwisho akaandikwa kuwa mfuasi tu, si mtenda kosa. Hakupata tena kazi ya filamu ya maana, na hapo ndipo alipogeukia Afrika. Mwaka 1956 alifika Kenya kuandaa filamu ya biashara ya watumwa, iliyokusudiwa kuitwa Schwarze Fracht, yaani Shehena Nyeusi. Alipata ajali mbaya ya gari, akanusurika kufa, filamu ikashindikana. Sitaficha kwamba habari hii hunikaa kooni. Mwanamke aliyewapiga picha watu waliotolewa kambini, kisha wakarudishwa mikononi mwa wauaji wao, alikuja pwani yetu kutafuta uzuri katika minyororo ya babu zetu! Pengine angeifanya vizuri. Hilo ndilo linaloniogopesha. Mwaka 1962 aliwafikia Wanuba kwa mara ya kwanza, na akiwa na miaka 72 alijifunza kuzamia baharini nchini Kenya, akipunguza umri wake miaka 20 ili akubaliwe. Huko chini ya maji alipiga picha za samaki na matumbawe hadi uzeeni. Nimeziona. Ni nzuri mno, na kwa mara ya kwanza nilimtazama bila kujilinda, kwa sababu samaki hawana chama.

Mwaka 1993 ilitoka filamu ndefu ya Ray Müller kumhusu yeye, akiwa na miaka 90. Kuna sehemu anaketi mbele ya meza ya kuhariria, mistari ya askari wa Nürnberg inapita kwenye kioo kidogo, naye anaeleza jinsi alivyounga mwendo na mwendo. Mikono yake inacheza, macho yanang'aa. Anasema kwake ingekuwa sawa hata kama mada ingekuwa mboga au matunda. Mwishoni anauliza kosa lake liko wapi: hakurusha bomu la atomiki, hakumsaliti mtu. Niliisimamisha kanda pale nikaenda nje kuvuta hewa. Sikwenda kwa ajili ya chuki. Nilikwenda kwa sababu nilimwamini. Nilimwamini kwamba mezani pale aliona mistari na mwendo tu, kwa kuwa mimi pia nimekaa katika chumba cha giza nikaona weusi na weupe tu.

Wapo wanaosema mwaka ule wa 1934 asingeweza kukataa. Marlene Dietrich, mwigizaji aliyezaliwa Berlin mwaka mmoja kabla yake, alikuwa Marekani tangu mwaka 1930, akachukua uraia wa huko mwaka 1939 na kuwaimbia askari waliopigana na Hitler. Mlango ulikuwepo, ingawa ni kweli Marlene alikuwa ameshatoka nyumbani. Wengine wanauliza kwa nini Sergei Eisenstein, aliyeitengenezea serikali ya Kisovieti filamu za kuisifu, anafundishwa vyuoni bila mtu kuona haya. Hoja hii ina uzito kuliko wanavyopenda kukiri maprofesa. Lakini haimsafishi Leni. Inaongeza mtu kizimbani.

Sasa nirudi kwa neno lile la kuondoa watu kwenye picha.

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka 23, na Yashica ya lenzi mbili niliyoinunua kwa mkopo. Ofisi moja, sitaitaja, iliniita kupiga picha za kijiji kipya kwa ajili ya maonyesho. Ilikuwa wakati wa Operesheni Vijiji. Aliyenipeleka alikuwa mtu mpole, akaniambia njiani, "Kijana, nataka watu waione kesho, si jana." Niliona ni maneno ya busara.

Tulifika asubuhi na mapema. Vijana sita walikuwa wakiinua mhimili wa nyumba, vifua wazi, jua likiwatoka nyuma ya mabega. Kamera ile hutazamwa kutoka juu ukiwa umeishika tumboni, kwa hiyo ukiiweka magotini tayari dunia yote iko juu yako. Sikuwa nimewahi kulisikia jina la Leni Riefenstahl, lakini mtindo wake ulikuwa umenifikia kwa njia za kalenda na magazeti, kama nyimbo zinavyomfikia asiyemjua mtunzi. Nilipiga mara moja. Nilipotazama tena kwenye kioo cha kamera nikaona, upande wa kulia nyuma ya vijana, bibi mmoja ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Pembeni yake palikuwa na kitanda cha kamba, masufuria, na mbuzi aliyefungwa kwenye mguu wa kitanda. Hakuwa na paa. Dereva alikuwa amekwisha kuniambia kwamba nyumba za kule walikotoka ziliezuliwa ili wasirudi. Mvua zilikuwa karibu.

Hakuna aliyeniamuru. Nilisogea hatua mbili kushoto, bega la kijana wa mwisho likamfunika. Nikapiga.

Picha ile ilichapishwa kubwa, ikasifiwa, ikaniletea kazi nyingine za miaka mingi. Sijilinganishi na yule mwanamke. Kijiji si kambi, na ingekuwa tusi kwa waliokufa kusema ni sawa. Tena haki lazima isemwe: shule waliyoahidiwa ilijengwa. Nilipita huko mwaka 1981 nikakuta watoto wakiimba darasani. Kesho aliyoitaka yule bwana mpole ilifika, walau kwa hao. Kwa hiyo picha yangu haikusema uongo kuhusu vijana sita. Walikuwepo, walikuwa na nguvu, mhimili ulipanda. Macho hayana pazia, lakini kamera inalo. Hufunguka na kufunga kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kabla halijafunguka mtu amekwisha kuamua asimame wapi. Hatua mbili zile ni zangu. Siwezi kumpa ofisi yoyote, wala wakati, wala ujana.

Nikimsoma Leni sasa, sijiulizi tena kama alijua. Najiuliza kama kuna siku alisogea hatua mbili akajisikia anasogea. Katika maelfu ya kurasa na barua alizoziacha, na katika mahojiano yote niliyoyaona, sikumsikia akieleza siku ya namna hiyo. Mwaka 1976 aliketi katika kipindi cha televisheni pamoja na mwanamke mfanyakazi wa rika lake aliyekuwa akimpinga Hitler, ambaye alimwambia hakuelewa mtu angewezaje kutengeneza filamu zile. Leni alijitetea. Baada ya kipindi kile alipokea barua na simu nyingi za kumwunga mkono, akazitunza, na simu nyingine akazirekodi. Hizo zilikuwa salama masandukuni. Mimi nimefikiri sana juu ya kutunza huko, kwa sababu nami picha yangu niliyosifiwa niliitundika ukutani miaka 30, na ule mkanda wenye fremu ya kwanza niliufunga kwenye bahasha chini ya vitu vingine.

Mwaka jana mjukuu wangu, anayesomea usanifu wa picha na maandishi, aliniomba mikanda yangu ya zamani aihamishie kwenye kompyuta. Nilimpa yote, nilikuwa nimesahau, au nilijisahaulisha. Jioni alinijia na picha mbili zikiwa pamoja kwenye kioo.

"Babu, hii ya ukutani naijua. Lakini hii nyingine, huyu bibi ni nani?"

Nikamwambia simjui.

"Hukumwuliza jina?"

Nikamweleza yote, kama nilivyoyaeleza hapa, ila kwa maneno machache. Hakunilaumu, vijana wa siku hizi wana adabu ya aina yao. Aliikuza ile ya kwanza taratibu, akapita juu ya mabega ya vijana, juu ya masufuria, mpaka tukamwona usoni. Anaitazama kamera moja kwa moja. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimekumbuka kwamba alikuwa amegeukia kando.